John Kani: Mwigizaji Asiyesubiri Kuitwa

Mwanamume mmoja anaingia jukwaani akiwa na gazeti. Anaketi, analifungua, anasoma vichwa vya habari kwa sauti na kuvitolea maoni, kama afanyavyo mtu yeyote akiwa barazani asubuhi. Gazeti ni la siku hiyo hiyo, kwa hiyo ya jana hayarudiwi leo na ya kesho hakuna ayajuaye. Kutoka kwenye gazeti anahamia kwenye hadithi za kiwandani. Anakuwa bosi wa Kizungu, anakuwa kibarua, anakuwa mkalimani anayegeuza maneno ya bosi mbele ya wafanyakazi wanaojizuia kucheka. Yuko peke yake jukwaani, na watazamaji wameshasahau kwamba kisa walichokuja kukiona bado hakijaanza.

Huyo ni John Kani, Oktoba 1972, katika ukumbi mdogo wa The Space mjini Cape Town, usiku wa kwanza wa mchezo wa Sizwe Banzi is Dead. Wengi wetu hatukumjua kwa njia hiyo. Tulimkuta akiwa tayari mzee: mfalme T'Chaka, baba wa Black Panther, shujaa wa filamu, kisha nyani Rafiki katika The Lion King ya 2019 na tena katika Mufasa ya 2024, jina la mhusika likiwa neno letu wenyewe. Kati ya gazeti lile na nyani huyu ipo miaka zaidi ya 50. Nimeipitia miaka hiyo mara nyingi, na sioni kipindi ambacho Kani alikaa nyumbani kungoja simu ya mtayarishaji. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza, kwa sababu inaniuma kuona waigizaji wetu wazuri wanazeeka wakiwa hawana pa kucheza.

Alizaliwa mwaka 1943 New Brighton, kitongoji cha Waafrika cha mji wa Port Elizabeth, ambao sasa unaitwa Gqeberha. Hakutoka chuo cha sanaa. Alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford, na mwaka 1965 akajiunga na Serpent Players, kikundi cha wakazi wa New Brighton kilichokuwa kikifanya kazi na Athol Fugard, mtunzi Mzungu wa mji huo huo. Wanakikundi walikuwa walimu, makarani na vibarua waliokutana jioni baada ya kazi, huku polisi wakiwafuatilia. Walipokuwa wakiandaa Antigone, tamthilia ya kale ya Kigiriki kuhusu binti anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme, mwenzao mmoja alikamatwa akapelekwa Robben Island. Baadaye habari zikarudi kitongojini kwamba Antigone imeigizwa huko huko gerezani, mbele ya wafungwa. Kutokana na habari hizo ukazaliwa mchezo wa The Island: wafungwa wawili, selo moja, mazoezi ya Antigone usiku baada ya kutwa nzima ya kazi ngumu.

Sheria za Makaburu hazikumtambua Mwafrika anayeishi kwa kuigiza. Kani na mwenzake Winston Ntshona walipoamua kuachana na kazi nyingine na kuishi kwa jukwaa, karatasi zao zilipaswa kuonyesha kwamba wana mwajiri. Ikabidi waandikwe kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard. Watu waliokuwa wanaandaa michezo miwili ambayo dunia ingeizungumza kwa miaka 50, mbele ya serikali yao walikuwa maboi.

Na Sizwe Banzi inahusu karatasi hizo hizo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu, kwa sababu neno analo: kipande. Mwafrika wa Kenya ya mkoloni alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Sizwe ametoka kijijini kutafuta kazi Port Elizabeth na kipande chake kimegongwa mhuri wa kumrudisha alikotoka. Usiku mmoja yeye na mwenyeji wake wanakuta maiti barabarani, na ndani ya nguo za marehemu mna kipande safi kinachomruhusu kufanya kazi mjini. Mwenyeji anashauri wabadilishe picha. Sizwe atakufa kwenye karatasi ili watoto wake wale. Je, mtu aache jina la baba yake?

Mchezo huu ulipopelekwa New Brighton kwenyewe, watazamaji hawakukubali kukaa kimya. Waliingilia kati, wakabishana na wahusika na wakabishana wao kwa wao kama Sizwe achukue kipande cha marehemu au asichukue. Kila aliyekuwa ukumbini alikuwa na kipande mfukoni. Mwigizaji aliyezoea mistari iliyoandikwa angepotea usiku ule. Kani hakupotea, kwa kuwa mistari ilikuwa yake.

Hapa nina neno la kusema. Nimesoma makala nyingi, nyingine za wasomi, zinazoandika kwamba Sizwe Banzi na The Island ni tamthilia za Fugard. Si kweli, na kitabu chenyewe kimetaja majina matatu: Fugard, Kani na Ntshona. Wazo lilianza na picha ya studio, mwanamume amevaa suti na kutabasamu kwa furaha kubwa. Watatu hao wakajifungia wakiuliza: huyu ni nani, na kwa nini anacheka hivyo? Habari za kiwanda cha Ford alizileta Kani kutoka kwenye maisha yake. Hapo mwanzo hapakuwa na mswada, mchezo ulikaa vichwani na miilini mwao, jambo lililowafaa sana katika nchi ambayo karatasi ingeweza kuchukuliwa na polisi. The Island yenyewe ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Julai 1973, ilibidi iitwe Die Hodoshe Span, yaani kikosi cha Hodoshe, jina la utani la askari jela mmoja, kwa sababu kulitaja gereza lile hadharani kulikatazwa. Fugard alikuwa mtunzi mkubwa na sitaki kumpunguzia chochote. Lakini tunapowafuta Kani na Ntshona kwenye utunzi tunawabakiza kuwa sauti na misuli tu, na hiyo ndiyo kazi ile ile ambayo sheria ya Makaburu iliwapangia.

Michezo hiyo miwili ikaenda London, kisha Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za tamthilia New York, mwishoni mwa 1974. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa kwa pamoja Tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya tamthilia Marekani, ya mwigizaji bora wa kiume. Tuzo moja, watu wawili, michezo miwili.

Akarudi nyumbani. Mwaka huo huo alipigiwa simu akaambiwa baba yake anataka kumwona. Njiani alizingirwa na polisi, wakampiga na kumwacha wakidhani amekufa. Alipoteza jicho la kushoto. Jicho unaloliona kwenye filamu zake zote zilizofuata ni la kioo. Nimeona watu wakiusifu utulivu wa uso wake, ule utazamaji wake wa kama anayekupima, bila kujua hesabu iliyolipwa. Mwaka uliofuata yeye na Ntshona walitiwa ndani huko Transkei, eneo walilotengewa Waafrika na serikali ya ubaguzi, kwa sababu ya Sizwe Banzi, wakaachiwa baada ya kelele kubwa za wasanii wa nje. Alikuwa na Tony mkononi na rafiki London na New York. Angeweza kubaki huko. Hakubaki.

Tukumbuke pia kwamba Afrika Kusini, nchi tajiri kuliko zote barani wakati huo, haikuwa na televisheni ya taifa mpaka Januari 1976. Serikali iliiogopa. Watanzania Bara wa rika langu wanaielewa hali hiyo, maana sisi tuliipata mwaka 1994, ilhali Wazanzibari walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo Kani alikuwa ameshatimiza miaka 32 na ameshapata tuzo kubwa kabla nchi yake haijawa na kioo cha kumwonyesha sebuleni. Msingi wake wote ulijengwa mbele ya watu wanaopumua, wanaokohoa, wanaoweza kunyanyuka na kuondoka. Naamini hapo ndipo ulipotoka uzito tunaouona leo akisimama sekunde chache tu mbele ya kamera.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko Tony. Juni 1976, siku chache baada ya wanafunzi kupigwa risasi Soweto, Barney Simon na Mannie Manim walifungua Market Theatre ndani ya soko la zamani la matunda huko Newtown, Johannesburg. Ulikuwa ukumbi uliokaribisha watu wa rangi zote chini ya paa moja, katika nchi iliyotenga hata mabenchi. Kani akawa mtu wa nyumba hiyo, kwanza kama mwigizaji, baadaye kama kiongozi wake. Mwaka 1989 yeye na Simon walianzisha Market Theatre Laboratory, mahali pa kuwafunza vijana wa vitongoji wasioweza kuingia vyuo. Leo ukumbi mkubwa wa jengo hilo unaitwa John Kani Theatre. Mwigizaji mwenye nyumba haulizwi umri. Filamu zikikauka anarudi jukwaani, jukwaa likichoka anafundisha, na akitaka kuandika anajua mchezo utasomwa wapi kwa mara ya kwanza na nani atamwambia ukweli.

Ndani ya nyumba hiyo, mwaka 1987, alicheza Othello ya Shakespeare chini ya uongozaji wa Janet Suzman, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa amejenga jina Uingereza. Sheria zilizokataza ndoa na mapenzi kati ya Mzungu na Mwafrika zilikuwa zimefutwa miaka miwili tu kabla ya hapo. Tayari mwaka 1985 Kani alikuwa ameigiza tamthilia ya Miss Julie na Sandra Prinsloo, mwigizaji Mzungu wa Kiafrikana, na watazamaji wengine walitoka ukumbini alipombusu. Sasa akaja kama Othello, mume wa Mzungu Desdemona. Onyesho lilirekodiwa kwa ajili ya televisheni, likarushwa Channel 4 ya Uingereza, na ndiyo maana tunaweza kulitazama mpaka leo. Litazame ukipata nafasi. Kani hafichi ulimi wake, Kixhosa kinasikika chini ya kila mstari wa Kiingereza. Othello ni mgeni Venice, jemadari anayehitajika vitani na asiyetakiwa mezani. Kila anapotamka neno, wenyeji wanasikia kwamba si wa pale. Katika Johannesburg ya 1987 hapakuwa na haja ya kuongeza maelezo.

Filamu zenyewe, niseme wazi, zilimtumia vibaya kwa muda mrefu. Alikuwa askari wa kukodiwa katika The Wild Geese ya 1978, mwalimu mkuu katika Sarafina! ya 1992, na katikati yake nafasi nyingine nyingi za kusimama karibu na shujaa Mzungu. Iliyo karibu zaidi nasi ni The Ghost and the Darkness ya 1996, kuhusu simba wala watu wa Tsavo waliosimamisha ujenzi wa reli mwaka 1898. Kani ni Samuel, Mwafrika anayewasaidia wawindaji, na sauti yake ndiyo inayotusimulia kisa. Filamu ilipigwa Afrika Kusini na shujaa wake ni mhandisi Mzungu. Hata hivyo ukiitazama tena utaona kwamba Samuel peke yake ndiye anayeonekana kujua yuko wapi.

Ilipofika miaka ya 2000, akiwa na umri ambao wengi wa wenzake wanapewa nafasi za babu anayelala kwenye kiti, alifanya lile ambalo naliona kuwa kiini cha habari yake yote. Alichukua kalamu. Nothing but the Truth ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2002, na ni mchezo wa kwanza aliouandika peke yake. Mhusika mkuu ni Sipho Makhaya, mkutubi mwenye miaka 63, mtu wa Port Elizabeth aliyefanya kazi maktaba muda wote wa ubaguzi na sasa, katika uhuru, anatazamia kupandishwa cheo kuwa mkutubi mkuu. Ndugu yake Themba alikimbilia London, akasifiwa kama shujaa, akafia huko. Binti wa Themba anakuja kumzika baba yake na analeta majivu kwenye chombo. Sipho, aliyesubiri jeneza, hajui afanye nini na majivu.

Kani aliuandika mchezo huo akimkumbuka mdogo wake, aliyepigwa risasi na polisi mwaka 1985 alipokuwa akisoma shairi kwenye mazishi. Lakini hakuandika ombolezo la moja kwa moja. Aliandika hasira ya aliyebaki. Sisi wa Tanzania tunawajua zaidi walioondoka. Waliishi nasi Morogoro, walisoma Mazimbu kwenye shule ya Solomon Mahlangu ya chama cha ANC, na baadhi yao wamezikwa pale pale. Tuliwaita wapigania uhuru, na walistahili. Mtu kama Sipho hatukumwona: aliyebaki na kipande chake, akatunza wazazi, akalipa ada za ndugu, akazika watu kila Jumamosi, na uhuru ulipofika akaambiwa nafasi imekwenda kwa mwingine aliyerudi kutoka ughaibuni. Kani hamlaumu aliyeondoka. Anadai tu kwamba aliyebaki naye asikike. Mwaka 2008 akaongoza mwenyewe filamu ya mchezo huo, na mwaka 2009 ikapata tuzo ya pili ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, kule Ouagadougou. Mwaka 2014 akaandika Missing, safari hii kuhusu mpigania uhuru aliyeachwa Sweden bila kuitwa nyumbani. Hapo alikuwa amelitazama jeraha lile lile kutoka pande zote mbili, na kila mara alijiandikia nafasi yenye uzito wa umri wake.

Ndipo Wakanda, nchi ya kubuni ya Black Panther, ikaja, mwaka 2016, katika Captain America: Civil War. Nafasi ya T'Chaka ni fupi, mfalme anauawa mapema. Lakini katika onyesho lake na Chadwick Boseman, aliyeigiza mwanawe, Kani alipendekeza baba na mtoto wazungumze Kixhosa. Akamfundisha Boseman mistari yake. Waongozaji wakapenda, na kuanzia hapo Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda kwa filamu zote. Mwanawe wa kweli, Atandwa Kani, akaja kuigiza T'Chaka kijana katika Black Panther ya 2018.

Nimewasikia Waswahili wakilalamika kwamba Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, basi Kiswahili kingefaa zaidi. Kwa ramani wana haki. Lakini lugha hiyo haikuchaguliwa na ramani, ilichaguliwa na mzee aliyekuwa amesimama pale siku ile na akathubutu kufungua mdomo. Angetokea mwigizaji wa Tanga au Mombasa mwenye heshima kama hiyo na ujasiri kama huo, pengine leo dunia ingekuwa inasikia Kiswahili.

Na huyo wa Tanga au Mombasa, mbona hatokei? Vipaji tunavyo, na sitakubali kubishana juu ya hilo. Nimewaona watu wetu jukwaani wakimfanya mtazamaji asahau alikuja na nani. Lakini mwigizaji wetu akishavuma kwenye runinga kwa miaka mitano au sita anaachwa. Hana ukumbi anaoweza kuuita wake, mswada ni wa mtu mwingine, picha ni mali ya aliyemlipa siku ile ile kwa fedha taslimu, na jina lake linarudi kwenye habari pale tu familia inapoomba michango ya matibabu. Bagamoyo tuna chuo cha sanaa tangu miaka ya 1980, kinatoa watu kila mwaka, na sehemu kubwa ya hao wanaingia mjini kusikokuwa na jukwaa hata moja linalofunguliwa kila wiki. Kani alipata bahati ambazo si kila mtu anazipata, London na New York zikiwemo. Bila Market Theatre, hata hivyo, bahati hizo zingekwisha kabla hajafika miaka 40.

Mwaka 2019 alirudi Stratford-upon-Avon, mji alikozaliwa Shakespeare, na mchezo mwingine alioandika mwenyewe, Kunene and the King. Jack Morris, mwigizaji Mzungu wa Afrika Kusini, anakufa kwa saratani ya ini huku akijitahidi kukariri King Lear. Lunga Kunene, muuguzi Mwafrika, anahamia kwake kumhudumia. Antony Sher alikuwa Jack, Kani akawa Lunga. Miaka kumi kabla walikuwa wamecheza pamoja The Tempest ya Shakespeare, Sher akiwa Prospero na Kani akiwa Caliban, bwana na mtumwa. Safari hii maneno ya mtumwa yaliandikwa na Kani.

Lunga anamjua Shakespeare kwa tamthilia moja tu, aliyosoma shuleni: Julius Caesar, katika tafsiri ya Kixhosa ya B. B. Mdledle. Nilipolisikia hilo niliinuka nikaenda kwenye rafu kutafuta Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere. Tamthilia ile ile, wakati ambao haukupishana sana, watu wawili wanaikalisha Roma kwenye lugha zao, mmoja akiwa mwalimu chini ya Makaburu, mwingine akiwa rais wa nchi iliyotoka kupata uhuru. Kunene anayasema maneno ya Antonio kwa Kixhosa mbele ya Mzungu aliyedhani Shakespeare ni wake, na Jack anamsikiliza kama mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Mchezo ulihamia London mwanzoni mwa 2020, ukakatizwa na UVIKO. Sher alifariki Desemba 2021. Ntshona alikuwa amekwishatangulia mwaka 2018, na Fugard akafuata Machi 2025. Kani, akiwa amepita miaka 80, alikuwa ameshasimama tena mbele ya kipaza sauti kuwa Rafiki, nyani mzee anayemsimulia mtoto wa kike wa Simba habari za babu yake.